Kwa Fundi Kombo, Uliyeliacha Wazi Gita la Mama

Ni mwaka mzima sasa, Baba, tangu ulipotoka asubuhi kwenda kununua gundi, ukarudi umebebwa.

Ulitoka na ndala miguuni, kwa sababu duka la vifaa liko hapo tu kwenye kona. Ulimwonyesha Mama kwa mkono kwamba hukawii. Moyo wako ulisimama ukiwa kwenye foleni, na mwenye duka anasema dakika ile ulikuwa unamtania mtu aliyekuwa mbele yako, kwamba misumari aliyonunua ni mingi kuliko mbao zake. Tunamwamini. Huyo ni wewe kabisa.

Watu wanatuambia mwaka ni mrefu, machozi hukauka. Hawajui wanachosema. Sisi hatujakulilia ipasavyo hadi leo, maana ulituachia kazi, na kazi hiyo ilitunyima nafasi ya kulia.

Mtaa ulikuita Fundi Kombo, nawe uliitika kwa fahari. Hukuwahi kutengeneza gita lililonyooka. Ulisema hata binadamu hawajanyooka, mmoja ana bega la chini, mwingine ana kitambi, kwa nini wote wakumbatie kitu kimoja? Mtu alipokuja kuagiza gita hukumwuliza anataka la rangi gani. Ulimketisha, ukampa mto aukumbatie, ukamzunguka ukimtazama kama fundi cherehani. Mshona viatu aliyepoteza vidole ulimtengenezea gita la nyuzi nne lenye shingo pana, na mpaka leo analipiga. Mlinzi wa ghala ulimtobolea gita lake tundu begani, si kifuani, ili sauti impande yeye mwenyewe usoni, apige zamu nzima bila kumwamsha tajiri.

Kinyozi wa mlango wa pili alikuwa hachoki kukuchokoza.

"Fundi, hili nalo limegongwa na gari?"

"Halijagongwa. Wewe umenyoa watu mpaka unadhani dunia nzima ina kisogo kimoja."

"Basi nitengenezee la kisogo changu."

"Mbao hazitatosha."

Alikuwa wa kwanza kufika siku ile ulipoletwa, Baba. Alifunga duka lake na hakulifungua juma zima.

Ulikuwa mpole hadi kwa mbao. Ubao ukipasuka mikononi mwetu, uliupa pole ubao kwanza, kisha ukatupa pole sisi. Chai yako ilipoa mezani ikaingia vumbi la msasa, na uliinywa hivyo hivyo, ukisema mwenye tumbo la fundi hachagui. Hukupima kwa rula ukiwa na sikio. Uligonga ubao kwa kifundo cha kidole, ukasikiliza, ukaukwangua, ukagonga tena, mpaka siku ubao unapoitika. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba yetu. Gita halifungwi kabla ubao wake wa uso haujaitika.

Ulipiga ubaoni, ukasikiliza kwanza,
Hukukata kwa mizani, kwa sikio ulichunza,
Leo kimya cha nyumbani ndicho kinachotufunza,
Baba, tuambie lini tufunge ulichoanza.

Sasa tuseme habari ya Mama, kwa sababu wewe ungeuliza yeye kwanza.

Masikio yake yalikuwa yanakwisha wewe ukiwapo. Waliondoka ndege, ikaondoka hodi ya mlangoni, kisha tukaanza kuondoka sisi, mmoja mmoja, mwenye sauti nyembamba kabla ya mwenye sauti nene. Mama yetu, aliyekuwa akikosoa nyuzi zako kutoka jikoni bila hata kugeuka. Daktari alisema vifupa vya ndani ya sikio vimeganda, mishipa nayo inakufa, na dawa hakuna. Kisha akagonga chuma chake, akakiweka kwenye mfupa wa taya, na Mama akainua kidole. Bado kitu kilikuwa kinamfikia kwa njia ya mfupa. Daktari hakusema kitadumu mpaka lini.

Wewe hukuhitaji chuma. Ulikuwa umeketi uani unampigia, naye akakuegemea, taya lake likagusa bega la gita. Akasema, "Hapa nakusikia." Kesho yake ukaanza kuchonga gita ambalo hata wewe, Kombo mwenyewe, hukuwa umewahi kuliota: bega moja limepanda juu kama nundu, limechongwa likae sawasawa chini ya taya la mtu mmoja tu duniani. Watoto wa mtaa wakaliita Ngamia. Ukacheka, ukasema ngamia hubeba maji mpaka mwisho wa safari.

Ulimaliza tumbo lake, shingo yake, mbavu zake za ndani. Uso ulikuwa tayari, umelala juu ya meza ya kazi. Ilibaki gundi tu.

Tulipomaliza kukuzika tulirudi tukaliona limekaa wazi, kama mtu aliyefumbua mdomo akasahau neno. Tuliogopa kuligusa. Miezi ikapita, na kila mwezi ulimchukua Mama hatua nyingine mbali na sisi. Alianza kutuita kwa sauti kubwa mno, kisha kwa sauti ndogo mno, kwa kuwa hakujisikia tena. Halafu ikafika siku alipomwita Dada, Dada akaitika akiwa nyuma yake, naye akaendelea kuita. Hapo maji yalikuwa yametufika shingoni.

Baba Mdogo, ambaye wewe mwenyewe ulimpa jina la Milango, alikuja na randa yake.

"Mimi ni mtu wa milango," alisema. "Mlango ukilia nautia grisi. Nyinyi mnataka huu ulie. Mniambie mapema, nisije nikautia grisi."

Tukagonga ubao wako wa uso. Haukuitika. Ulikuwa mnene, mzito, unatoa du, du, kama ukuta. Tukatazamana. Tukasema Baba hakuwahi kuumaliza, kifo kilimkatisha. Hivyo tukafanya ulichotufundisha, Baba, ulichotufundisha hasa. Baba Mdogo alipiga randa, Dada akakwangua, mimi nikagonga na kusikiliza, mpaka ubao ukaitika kwa sauti tamu ambayo haikuwa imetoka nyumbani humo tangu ulipoondoka. Tukaufunga. Tukatia nyuzi. Dada alipopiga mara ya kwanza, kinyozi alitoka nje na mashine yake mkononi, na mteja akamfuata, kichwa kimenyolewa nusu. Nakwambia ukweli, nilijivuna. Nilisema jina la Fundi Kombo halijafa.

Tukampa Mama. Akaweka taya kwenye nundu. Ilimkaa kama ulivyotaka, hata nywele isingepita katikati. Akapiga. Sisi tuliusikia muziki mpaka kifuani. Yeye akapiga tena, kwa nguvu zaidi. Akapiga tena. Kisha akainua uso, akatuuliza kwa upole, kama mtu anayeogopa kuwaudhi watoto:

"Mmetia nyuzi kweli?"

Baba, hakuna kilio tulichokulilia wewe kilichofanana na kimya chetu pale.

Mama ndiye aliyetueleza. Alionyesha taya lake. "Aliuacha mzito kwa makusudi. Alikuwa anaugonga hapa."

Na sote tulikumbuka. Tuliwaona, Baba. Asubuhi nyingi tuliwaona, Mama kwenye kiti chako, ncha ya ubao taya lake limeibana begani, nawe umeinama unagonga ncha ya pili, mnatazamana. Tulidhani ni mahaba ya watu wazima. Dada alikuwa akitufukuza karakana, tuwaachie nafasi. Kumbe mlikuwa kazini. Ubao ule ulikuwa umeitika zamani, ila haukuitikia masikio. Uzito wake ndio uliokuwa unasukuma mtetemo kwenye mfupa badala ya kuumwaga hewani. Sisi tukaukwangua mpaka mtaa mzima ukasikia, isipokuwa mwenye gita.

Nilikukasirikia. Naandika hapa mbele ya watu wote, nilikukasirikia. Ungesema neno moja tu. Mtu anayeongea na misumari dukani anashindwa kuwaambia wanawe?

Tuliubandua uso tulioukwangua, lakini ubao mwingine mkavu na mzito kama ulivyouacha wewe hatukuupata. Tulikwenda kwa wachana mbao wote tunaowajua na tusiowajua. Wana mbao mbichi, zinazotoa maji ukizibana. Mama alitusubiri turudi, akatazama mikono mitupu, kisha akaingia karakana na kuweka kiganja juu ya meza yako ya kazi.

"Kateni hii."

Meza yako, Baba. Uliyoegemea tangu hatujazaliwa. Ina alama za patasi zako na doa la chai yako, na sisi hatukuwa tumethubutu hata kuifuta vumbi. Baba Mdogo alishika kichwa.

"Shemeji, nami nitafanyia wapi kazi?"

Mama alimsoma midomo. "Chini. Una magoti."

Mimi nilisimama mbele ya meza. Nilisema hiyo haiguswi nikiwa hai. Nilisema mengine pia, makali, ya mtu anayejiona ndiye pekee aliyefiwa. Mama alinitazama mdomoni mpaka nikamaliza.

"Sawa," alisema. "Kaa uilinde, mpaka niwe kiziwi kabisa."

Nikashika msumeno upande mmoja, Baba Mdogo upande wa pili.

Kazi tuliyofanya baada ya hapo hukuwahi kutufundisha, na nadhani ungeipenda. Mama alikaa kwenye kiti chako na ncha ya ubao kwenye taya. Baba Mdogo alipiga randa kwa magoti, shingo upande, akinung'unika kwamba milango haijawahi kumdharau hivi. Dada aligonga. Nasi wote tuliziba masikio yetu kwa pamba, tukawa tunamtazama Mama mdomoni. Tuliogopa yatudanganye tena. Mama peke yake ndiye aliyekuwa anasikia mle ndani.

"Bado," alisema. "Bado." Siku nyingine alisema jana ilikuwa bora, na tukafa moyo, kwa sababu ubao ukishakwanguliwa haurudishwi. Siku nyingine alisema hasikii chochote, na hatukujua kama ni ubao au ni yeye. Dada aligonga akilia. Baba Mdogo hakutania tena. Kila aliposema bado tulijiuliza kama tunashindana na mti au na kifo, na kifo kilikuwa kinatuzidi.

Halafu akasema, "Hapo. Acheni." Tukaacha, tukafunga siku hiyo hiyo, kabla yeyote hajawashwa mkono.

Jana tumefungua vibanio. Tumesubiri mwaka wako utimie ndani ya nyumba moja, sote tukiwapo, ndiyo maana tangazo hili la kumbukumbu yako limechelewa kufika gazetini. Dada alitia nyuzi. Mama akaweka taya.

Gita hilo halina sauti, Baba. Sisi tuliosimama hatua moja tulisikia kitu kama mtu anayesugua meza. Mteja yeyote angekurudishia. Mama alipiga uzi mwembamba, uso ukabaki mkavu. Akapiga unaofuata. Akapiga unaofuata. Dada aligeukia ukuta. Akashuka mpaka uzi mnene wa mwisho, akaupiga kwa kidole gumba, akatulia.

Akaupiga tena.

"Huu umelegea," alisema.

Hakuna aliyejongea. Mkono wake ulipanda mwenyewe mpaka kwenye ufunguo, ukazungusha kidogo kidogo, huku macho yamefumbwa, jinsi alivyokuwa akifanya zamani wewe ukimwita mke mkorofi wa nyuzi. Akaukaza. Akaupiga. Akatikisa kichwa kukubali, na taya halikuondoka kwenye mti.

"Hizi nyingine sisikii hata mmoja," alisema. "Zitoeni. Zinanipotezea mkono."

Baba Mdogo akazitoa, mmoja baada ya mwingine, akaziweka mfukoni kwake, hakumpa mtu.

Sasa Mama ana gita la uzi mmoja. Amelipiga tangu jana. Anatafuta nyimbo zote ndani ya uzi huo, anapanda na kushuka, na anapokosea anarudia, kwa hiyo tunajua anasikia. Hatujui atausikia mpaka lini. Daktari hajui. Kila asubuhi tutamtazama usoni kabla hatujamsalimia.

Nanyi mnaotusoma, hatuombi pole. Tunaomba tu, mkipita mtaani kwetu mkaona mwanamke ameegemeza taya kwenye gita lenye nundu na hamsikii kitu, msicheke, wala msimwambie mtu kwamba ni bovu.

Anakukumbuka mkeo, ambaye hataki kulitoa mikononi hata wakati wa kula. Anakukumbuka mdogo wako Milango, anayefanya kazi kwa magoti. Anakukumbuka binti yako, aliyegonga mpaka kidole kikavimba. Anakukumbuka dada yako, shangazi yetu, anayeendelea kukutilia chai na kuiacha ipoe. Anakukumbuka kinyozi, kisogo kimoja, ambaye ametuomba tumwandike na ndugu. Nakukumbuka mimi, mwanao, niliyeandika haya kwa niaba ya wote.

Tutakukumbuka wakati Mama bado anausikia uzi huo, Baba, na tutakukumbuka siku atakapoupiga asiusikie.