Kitabu Ulichokichagua kwa Kutazama Mikono Yangu

Ndinda mwanangu,

Mkono unaoandika hapa ni wa Mutheu, binti yako, lakini maneno ni yangu, na nimemwonya asiyanyooshe. Mimi shule sikuiona hata kupitia dirishani, unajua. Akilia, tunangoja, anapangusa pua, tunaendelea. Karatasi ni chache.

Nimekuja kukuambia kwamba nimevunja neno lako. Usikasirike kabla hujanisikia. Hasira zako zilikuwa za haraka, na ulizirithi kwangu.

Unakumbuka tulivyokuwa tukivichuja vile vitabu vyako. Shule yenu ilikuwa na nakala moja moja ya kila hadithi, ndiyo maana kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, uliwasomea Kidato cha Tatu kwa sauti. Na kabla ya kuwasomea wao ulinisomea mimi. Jumapili alasiri, mimi nimekaa mlangoni hapa Kariobangi, nyundo za mafundi wa bati zinagonga nyuma ya nyumba, nasuka kiondo changu, na wewe unasoma. Hukuniuliza kama kitabu ni kizuri. Ulisema watu wazima wakiulizwa kuhusu vitabu ni waongo. Wewe ulitazama mikono. Ikiendelea kusuka, kitabu kinarudi sandukuni. Ikisimama, unakunja pembe ya ukurasa na kuandika jina la kitabu kwenye orodha yako. Kile cha chifu mwenye wake saba, nilisuka kiondo kuanzia kitako hadi shingoni, nawe ukakifunga. "Mama, mkaguzi wa vitabu hapa Kenya ni wewe," uliniambia. Nikakujibu kwamba mkaguzi hupewa chai, hapewi kelele.

Sasa nikuambie kosa langu.

Mwezi wako wa mwisho ulikuwa unanisomea kile cha kijana aliyetoka masomoni ng'ambo, akarudi kwao kumshauri kila mtu. Unasoma mistari miwili, unakohoa, unasoma tena. Mikono yangu ikasimama. Uzi wa katani ukanidondoka mapajani, na sikuuokota. Wewe ukaona. Ukatabasamu, ukakunja pembe ya ukurasa, ukakiandika kitabu hicho juu kabisa ya orodha, juu ya vyote.

Ndinda, sikuwa namsikiliza yule kijana. Nilikuwa nasikiliza kifua chako. Ukikohoa nilikuwa nangoja kusikia kama pumzi itarudi. Kisha nikakuona umefurahi, siku ambayo hukuwa na furaha nyingine, nikanyamaza.

Jumapili iliyofuata ulileta kile cha mwanamke anayeponda kokoto, yeye na binti yake mmoja. Kilinishika tangu ukurasa wa kwanza. Lakini katika ukurasa wa pili binti akaanza kuumwa. Nikakuambia, "Funga hicho." Ukauliza kwa nini. Nikasema hakina utamu. Ukakichorea msalaba kwenye orodha. Huo ukawa uwongo wangu wa pili, na huo niliusema kwa mdomo wangu kabisa.

Kisha tukakupeleka nyumbani Ukambani, tukakuzika.

Aliyechukua darasa lako ni Mwalimu Wafula. Ni kijana mrefu, shati lake limepigwa pasi mpaka mgongoni, na anakuogopa hata huko uliko sasa. Wote pale shuleni wananiita Susu, nyanya yao, hata wasio Wakamba, naye ameiga. Alipopata orodha yako kwenye droo akaja nayo hapa ameishika kwa mikono miwili. "Susu, tutaanza na kile Mwalimu alichoweka juu. Neno la marehemu halivunjwi." Na mimi mama yako, niliyejua, nikasema ndiyo mwanangu.

Ijumaa ya kwanza, Mutheu alipotoka darasani humo, nikamwuliza hadithi imefika wapi. "Kuna mtu anarudi nyumbani," akasema. Ijumaa ya pili nikamwuliza tena. "Bado anarudi." Anacheka sasa anapoandika. Vizuri, acheke. Siku ile hakucheka, alikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Nikamwuliza Wafula watoto wanaonaje kitabu. "Wametulia sana, Susu. Kama kanisani."  Kwako hawakutulia hata siku moja. Ulikuwa unarudi Ijumaa sauti imekauka, unaniambia wamekuzuia mlangoni wakigombana nani amekosa, mume au mke, na kengele imelia zamani.

Ijumaa ya tatu mkuu wa shule akaingia ghafla, akawakuta walioketi nyuma wamelala juu ya madawati. Jioni Wafula alikuja kwangu na lile shati limelowa jasho. Mkuu amempa Ijumaa moja tu. Atakuja mwenyewe kukaa darasani, na akikuta mambo ni yale yale, kipindi chako kinapewa hisabati na hakirudi tena. "Mtihani hauulizi hadithi hizo," ndivyo alivyosema. Kipindi ulichokipigania miaka yote ile, ukaitwa ofisini, ukaandikiwa barua, hukukubali.

Na Wafula, maskini, unajua alisema nini? "Labda ni sauti yangu, Susu. Nitasoma kwa nguvu zaidi." Mtoto wa watu analaumu koo lake, na mwenye kosa amekaa mbele yake akimwongezea chai. Hata hapo sikusema. Nikisema, nimekuaibisha. Nimesema kitu chako cha mwisho ulikichagua vibaya, nawe huna mdomo wa kujitetea.  Wiki nzima nilisuka kiondo nikakifumua, nikasuka tena.

Ijumaa nikavaa gauni la kanisani, nikajifunga leso, nikatoa sandukuni kitabu cha mwanamke wa kokoto, chenye msalaba wako orodhani. Nilipofika darasani mkuu ameshakaa nyuma, ameivua saa yake na kuiweka mezani. Wafula amefungua kitabu cha yule kijana wa ng'ambo. Nikasimama kabla hajaanza, maana nilijua akianza nitaogopa.

Nikawaambia yote. Mikono, kikohozi, furaha yako, uwongo wangu. Nikawaambia, "Mwalimu wenu hakukosea. Alisoma mikono ya mama yake kama alivyoisoma siku zote. Mikono ndiyo iliyosema uwongo."

 Nilihesabu vumbi kwenye viatu vyangu. Kisha msichana mmoja wa mbele akasema, polepole, "Susu, hata sisi ilikuwa inatuboo, inatuchosha. Lakini tungesemaje, na ni kitabu cha Mwalimu?" Mwingine nyuma yake akasema yeye amekuwa akijikanyaga mguu asilale. Wakaanza kucheka, wengine wanacheka na machozi yanatoka. Wafula akakaa kwenye kiti chako. "Hata mimi," akasema. "Nilidhani ni mimi peke yangu."

Unaona tulichokuwa tukifanya. Sote tulikuwa tunalinda heshima yako, na kwa heshima hiyo tulikuwa tunakiua kipindi chako.

Mkuu akagonga saa kwa kidole. "Haya, mama. Zimebaki dakika ishirini na tano. Utafanya nini nazo?"

Nikanyoosha mkono wenye kitabu, kisha nikaurudisha. Mutheu ameketi dawati la pili. Alikuwepo nyumbani siku ile nilipokuambia ufunge, na si mjinga, alijua kwa nini. Nikamtazama. Yeye hakunitazama. Alikuwa anasugua wino kidoleni. "Susu," akasema, "asome."

Wafula akasoma. Ukurasa wa pili haukwisha kabla mvulana mmoja hajasema yule mama ni mpumbavu, anamtuma binti maji na anaona ana homa. Msichana wa kujikanyaga mguu akamwambia, "Wewe hujawahi kubeba kitu kizito kuliko chanuo. Nani angeleta maji, wewe?" Darasa likalipuka. Huyu anasema kosa ni la mwenye nyumba, yule anasema baba yuko wapi. Mkuu akasema nyamazeni, hakuna aliyemsikia. Akasema mara ya pili. Kisha akaichukua saa yake, akaivaa, akasimama mlangoni kidogo, akamwambia Wafula, "Ijumaa ijayo uanzie hapo ulipoachia." Akaenda zake.

Kwa hiyo kipindi kipo. Nilitaka ulisikie hilo kutoka kwangu, si kwa mtu mwingine.

Lakini kuna jambo moja limebaki. Jana Wafula alikuja. Alikuwa amesoma mbele, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Akazungusha kikombe mpaka chai ikapoa, ndipo akasema Ijumaa hii binti wa kokoto anakufa. "Susu, wewe ukae nyumbani. Mutheu nitampa kazi maktaba, hakuna atakayeuliza."

 Hilo halikuwa la kujibiwa na mimi peke yangu. Nikamgeukia mtoto.

Mutheu akamwuliza, "Na mamake anakuwaje baadaye?"

Wafula akasema, "Anaendelea kuponda mawe. Bado kuna kurasa nyingi."

"Basi nataka kuzisikia hizo," akasema mtoto wako. "Na huwezi kufika huko bila kupita hapo."

Ndinda, mimi ni mzee, na nimezika. Sina uhakika nitaiweza Ijumaa. Nitakaa naye dawati moja, nimeshamwambia Wafula, na nikilia watoto watasamehe. Tukishindwa kuvumilia tutatoka tumeshikana mikono na kurudi hapo hapo baada ya kunawa uso. Mwanao hatasikia kurasa zile peke yake. Hilo nakuahidi, na safari hii sikufichi kitu.

Pumzika, mwanangu. Huku tunasoma.

Ni mimi, mama yako.