Jozi Tano kwa Wiki

9 Februari

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Hujambo? Kile kifua kimepona? Mimi sijambo, nakula, nalala. Watu wakiniuliza naendeleaje tangu baba yako afariki mwezi wa kumi na moja, nawajibu naendelea. Wanaridhika, wanaondoka.

Jozi tano za maneno ya kuchanganya ulizonitumia wiki hii zimefika. Haya maneno ya Kiingereza yana vituko! "Lose" na "loose" nimeyashona kwenye vipande vya kitambaa, kama ninavyotia alama mikono ya shati nisije nikaushona wa kulia kushoto. "Lose" ina "o" moja, tundu moja: kifungo kimepotea. "Loose" ina mawili: vifungo vipo, ila vimelegea, vinaning'inia. Hapo nimeelewa. Tatizo ni kwamba juzi nilimkabidhi mwalimu, mteja wangu, sketi yake, kumbe kipande cha "loose" kilibaki kiunoni na pini yake. Alirudi amenuna, akasema kama nimeona amekonda ningemwambia kwa mdomo. Zamani ningecheka mpaka nishike ukuta. Nilimwomba radhi, nikaendelea na pindo.

Mtihani wa kibali ni tarehe 14 Mei. Nisipofaulu hawataniruhusu kuja kukaa nawe huko ng'ambo, kwa hiyo nasoma. Vitu vya baba yako sijavigusa.

Mama yako


27 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua kimeachia. Mikono ndiyo inauma. Huku kwenye chumba cha kufulia cha hospitali tunakunja mashuka mia nne kwa zamu. Naangalia pembe zikutane, basi, siwazi kitu.

Pole na mwalimu. Jozi mpya hizi hapa. "Quiet" ni kimya, "quite" ni kiasi, au kabisa, inategemea. "Borrow" na "lend" zitakusumbua. Sisi tunasema kuazima kwa yote mawili, wenzetu wanamtenga anayechukua na anayetoa. Nyingine tatu ziko nyuma ya karatasi.

Soma, mama. Sitaki ubaki peke yako kwenye nyumba ile. Inatosha kwamba msimamizi alininyima ruhusa nikashindwa kuja kumzika baba.

Binti yako


3 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Natumai u mzima. Mimi mzima.

Nimefungua kabati la baba yako kutafuta kamusi yake. Chini ya kamusi nimekuta ile karatasi ya kazini kwako uliyotuma wakati wa msiba, yenye muhuri. Siku ilipofika mjomba wako aliwaonyesha watu, akasema, "Mnaona? Wamemkatalia mtoto," kisha akaihifadhi humo. Aliyejua Kiingereza nyumbani kwetu ndiye tuliyekuwa tumemzika. Sisi wengine tuliuamini muhuri.

Nimekaa nayo siku mbili, neno kwa neno. Nilidhani nimechanganya tena, nikarudia mwanzo. Imeandikwa kwamba umekubaliwa ruhusa ya siku saba.

Sina hasira. Naitafuta, siioni. Nataka kujua tu. Usiponiambia, sijui huu mtihani naufanyia nini.

Mama yako


22 Juni

Mama,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara tisa. Mtihani umeshapita na sijui kama ulikwenda.

Ni kweli, nilipewa siku saba. Nilifunga begi nikaenda kituoni kusubiri basi la uwanja wa ndege. Basi likaja, likaondoka, likaja jingine. Nikarudi chumbani. Siku zote saba nilikaa kitandani na viatu miguuni. Baba ndiye aliyekuwa akizisoma barua zangu kwa sauti, nawe unasikiliza huku unashona. Niliona nikifika nikakuta kiti chake kitupu, ndiyo itakuwa kweli. Huku alikuwa bado yupo.

Karatasi niliituma kwa sababu nilijua hakuna wa kuisoma. Nilitumia kutojua kwako, mama. Naona aibu. Hata kulia sijalia, nakunja mashuka tu. Nisamehe. Usipotaka kuja, nitaelewa.

Binti yako


10 Julai

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima. Wewe najua hujambo nusu nusu.

Mtihani nilikwenda. Walinipa karatasi ya jozi ishirini, nikakosa mbili. Nimefaulu, na kibali kimetoka.

Lakini siji, si sasa. Usidhani nakuadhibu. Nikija huko, wewe huku hutakanyaga tena, nakujua nilivyokuzaa. Tutakaa wawili chumbani tukiulizana maneno, na baba yako hatutamtaja mpaka tuzeeke.

Omba siku saba nyingine. Safari hii panda basi la kwanza. Ukifika usinieleze kitu, maelezo nimeshayasoma. Asubuhi nitakupeleka makaburini. Tukimaliza tutaondoka wote, na cherehani yangu.

Huko kwenye kaburi sitakwambia ulie wala usilie. Mimi mwenyewe bado sijamlilia. Nilikuwa nakungoja.

Mama yako