Walimvua mama, kisu kikapita

Nasimiyu, uko? Tumefika Nairobi, lakini wacha nikuambie yaliyotupata.

Unajua vile wamekaza ukaguzi kwa uwanja wa ndege siku hizi. Askari mwanamke akampapasa mama kifuani, akamuuliza, "Hii ni nini? Toa."

Mama akamwambia polepole, "Ni kitambaa, mwanangu. Titi lilikatwa."

"Toa tuone."

Ati toa tuone. Mbele ya foleni yote. Mama akaingiza mkono kwa blauzi, akakitoa, akakiweka kwa ile trei ya viatu. Wanaume wakaangalia chini.

Sasa sikia. Tuko ndani ya ndege, nafungua mkoba nimpe mama leso, napata kisu. Kile cha jikoni, nilikuwa namkatia matunda hospitali, nikakisahau. Kimepita kwa mashine, na yule wa kuangalia alikuwa kwa simu.

Nikataka kuita mhudumu. Mama akanishika mkono.

"Nyamaza, Linet. Wakitushusha watanivua tena."

Si nikanyamaza. Safari yote nimepakata huo mkoba, watu wamelala pande zote, na mama ameangalia dirisha tu.