Rafiki Asiyealikwa

4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Hujambo? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa kama pikipiki inayokataa kuwaka? Mimi mzima wa mwili. Wa moyo, soma uone.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu siamini tena mashine yoyote iliyopita mikononi mwa Bosi wako, ambaye kwa bahati mbaya aliwahi kuwa mume wangu. Unakumbuka tulipoachana alivyojifanya muungwana: "Nyumba niachie, wewe chukua kompyuta sita mpya ufungue ofisi ya uchapaji." Nikachukua. Nikafungua mbele ya mahakama, nikaajiri binti wa kuchapa. Sasa kila nikiwasha mashine inatangulia picha ya Bosi anacheka, meno yote nje. Halafu programu yake, eti inaitwa Rafiki, inajibanza kwenye kona ya kioo na kuanza kupiga debe.

Jana mjane mmoja alikuwa ananieleza malalamiko ya shamba lake, machozi yanamtoka. Rafiki akaibuka: "Umechoka kusubiri? Vuka barabara, tunachapa haraka zaidi!" Na ng'ambo ya barabara kuna ofisi mpya ya nani? Ya Bosi. Mama wa watu akafuta machozi, akasoma, akaniuliza, "Kwani kule bei gani?" Akavuka!

Nilimfuta Rafiki jioni. Asubuhi nikamkuta. Fundi aliyezifungasha kompyuta hizi ni wewe. Namwondoaje?

Dada yako

19 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimetulia, ahsante. Wewe miguu haikuvimbi tena?

Pole sana. Programu za aina hiyo tunaziweka hapa dukani kabla kompyuta haijauzwa, na wenye matangazo wanamlipa Bosi. Zimo kwenye kila mashine inayotoka mlangoni, si zako tu. Dawa yake ni kuweka toleo jipya la mfumo mzima wa kompyuta. Hamishia kazi zako kwenye flashi kwanza, kisha fuata maelezo niliyoandika nyuma ya karatasi hii.

Nakuomba usimwambie mtu kwamba nimekufundisha mimi. Bosi akijua, kibarua changu kitaota nyasi.

Mdogo wako

8 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Nauliza kwa sababu nililelewa vizuri tu.

Nilifunga ofisi Jumapili nzima nikaweka mfumo mpya kwenye zote sita. Zikawa nyepesi, safi, kioo kitupu kama ukuta uliotoka kupakwa rangi. Niliimba peke yangu kama mwehu. Jumatatu nikawasha mbele ya wateja: meno ya Bosi! Na Rafiki huyoo kwenye kona: "Hongera kwa mfumo mpya!"

Hongera!

Nikamwita fundi wa jirani. Akaniambia kuna sehemu ya diski iliyofichwa, Rafiki kalala humo, na kila ukiweka mfumo mpya anaamka, anajirudisha. Sehemu hiyo imefungwa kwa neno la siri. "Aliyefanya hivi anaijua kazi," akasema. Nilitaka kumjibu kwamba hata kufunga kamba za viatu nilimfundisha mimi.

Ulijua. Ulinituma nikafue nguo huku umeshika ndoo ya matope. Mtu anayekupa au kukuuzia kitu kisha akabaki ndani yake si mfanyabiashara, ni mvamizi, na anayemshikia taa ni mwenzake.

Nataka mambo mawili. Neno la siri, kwanza. Pili, najua matangazo ya Rafiki unayatuma wewe. Basi tuma hili kwenye kila kioo alichouza: BOSI NI MWIZI. Nataka lisomwe benki, lisomwe shuleni. Nataka akipita barabarani walinzi wamcheke.

Dada yako

2 Aprili

Sikusalimii.

Kimya chako nimekisoma. Yule binti wa kuchapa nimemwachisha kazi leo. Kutwa nzima jana hakupata mteja, yuko na Rafiki wanatazamana. Unajua alikokwenda? Alivuka barabara, wakampokea.

Mwezi huu ukiisha bila mabadiliko nafunga. Bosi atakuwa kachukua nyumba na ofisi, na mzigo kabebewa na wewe.

Aliyekuwa dada yako

14 Aprili

Dada,

Shikamoo, hata kama huitikii. Mimi ni mzima, ila sina kazi.

Maneno yako sikuyatuma. Ningeandika "mwizi", watu wangesema ni mtalaka anatapika nyongo, wangecheka, wangeendelea kuuziwa. Jumatatu asubuhi nimetuma haya: "Mimi ni Rafiki. Hukuniomba. Nimejificha kwenye diski yako. Ukitaka niondoke na nisirudi, bonyeza hapa." Na kitufe kinafanya kweli. Kinafungua kufuli, kinafagia kila kitu.

Dada, watu walibonyeza! Duka la dawa walibonyeza, walimu wakaitana. Hata ile ofisi ya Bosi mbele yako, binti wako yule alibonyeza wa kwanza. Bosi aling'oa waya wa mtandao ukutani kabla ya saa sita, kwa hiyo waliochelewa kuwasha mashine hawakukiona kitufe, na sasa wamejaa mlangoni pa duka na kompyuta kwapani wanatukana.

Akatupanga mstari wafanyakazi wote. "Nani?" Nikasema mimi. Alinitoa nje kwa kola ya shati, akatupa begi langu mtaroni. Alikuwa na haraka ya kunifukuza mpaka akasahau kuniuliza neno la siri. Hakuna mwingine anayelijua. Nimeliandika chini ya karatasi hii. Ni lako.

Mdogo wako

27 Aprili

Mdogo wangu kipenzi,

Marahaba, marahaba, marahaba! Kula vizuri, lala vizuri, usikonde.

Bosi alikuja. Kaendesha gari mwenyewe, shati limelowa. Kakisia kwamba neno la siri utakuwa umenipa mimi. Wateja wa huku wamemwambia ama asafishe kompyuta zao ama arudishe pesa. "Mama," akaniambia, "tuyamalize kiutu uzima. Nipe neno la siri." Hajaniita Mama tangu kabla hajaanza kuitwa Bosi.

Nikamwambia neno sitoi. Ila wateja walete mashine zao hapa kwangu. Mimi nitaandika neno kwa mkono huu, nimeziba kwa mkono mwingine, na yeye atakaa kwenye kiti cha mchapaji aweke mfumo mpya, moja baada ya nyingine, mbele ya wenyewe. Alitaka kulia. Akakaa.

Mdogo wangu, hajui chochote! Kauza kompyuta miaka yote hiyo, hajui flashi inaingia upande gani. "Hapa nabonyeza wapi?" ananiuliza. Namwambia soma, imeandikwa. Foleni inatoka mpaka kwenye ngazi za mahakama, na wakisubiri wananipa kazi za kuchapa. Binti wa kuchapa amerudi, nimempokea. Jana kidole cha Bosi kilikosea, mashine ya mwalimu mkuu ikaanza upya tangu mwanzo. Mwalimu alimsema kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilizima feni ili nisikie vizuri.

Kiti chako kipo, kazi ipo, na ofisi ni yetu wawili. Lakini usije bado. Nakujua. Ukija utamsaidia.

Dada yako