Kwa Papa Neema, Huko kwa Sokwe Wako

Papa Neema wangu,

Bahasha hii sijaifunga. Kwenye barieri za askari njiani wataifungua tu, kwa hiyo nimewapunguzia kazi. Na wewe dereva wa pikipiki unayeibeba, soma ukitaka. Hakuna siri humu, ni mwanamke anamsifu mume wake. Kwetu Butembo sikufundishwa kumsifu mume mbele ya watu. Kwetu tunasifu duka likiuza. Lakini leo nimeamua, na anayeona haya afumbe macho.

Unakumbuka safari ile uliponipeleka Muheto kunionyesha kwa mama yako? Tulipanda lori la mfanyabiashara mmoja wa kwetu, mimi nimekaa juu ya magunia ya chumvi, wewe umevaa yunifomu yako ya kijani ya ulinzi wa hifadhi, imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Pale Mubambiro, mbele ya kambi ya jeshi, askari mmoja alikupigia saluti akakuuliza uko kikosi gani. Ukamjibu kwa upole kabisa kwamba uko kikosi cha sokwe. Akaturuhusu kupita. Nilicheka mpaka tukaanza kupanda milima ya Masisi. Mwanaume mwingine angeipokea ile saluti na kunyamaza, ajione mkubwa njia nzima. Wewe ulikuwa unashangaa ninacheka nini.

Mama yako alinipa maziwa ya moto kwa sababu nilikuwa natetemeka kwa baridi, na wewe ukanipandisha kilimani kunionyesha shamba la viazi la familia yenu. Ulionyesha kila tuta kana kwamba tuta lenyewe linakufahamu. Nilikupendea hapo, ingawa miguu ilikuwa imekufa ganzi.

Watu wa hapa Mubi wanadhani kazi yako ni bunduki na buti. Hawajui kwamba miaka yote ile ulikuwa unaondoka kupambazuka kutafuta mahali sokwe walipolala, uwafuate, ukae mbali nao kwenye mvua, macho chini, unatafuna majani usiyoyapenda, unanguruma kooni taratibu ili wajue uko hapo na huna ubaya. Wao wanakimbia, wewe unafuata. Kesho hivyo hivyo. Mwaka ukaisha, mwingine ukaingia. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo tu, kuwazoesha waache kumwogopa mtu, ili mweze kuwahesabu, kuwatibu na kuwalinda kwa karibu.

Na adabu za msituni ukazileta nyumbani. Ulikuwa unaingia dukani kwangu ukinguruma kooni, wateja wanageuka kuangalia mnyama gani ameingia. Nikikasirika, unainamisha macho na kuanza kutafuna kitu. Nimekuambia mara ngapi kwamba mimi si sokwe? Ila lazima niseme kweli, ilikuwa inanituliza.

Neema alipokuwa mchanga akashikwa na mafua, ulikwenda kulala kwa jirani, kwa sababu mafua ya mtu yanaweza kumuua sokwe. Niliwaka. Nilisema umeoa msitu, basi msitu ukupikie. Hukubishana. Kila asubuhi ulikuja ukasimama uani, mbali na mlango, ukafua vitambaa vyote vya mtoto na kuvianika, ukaondoka. Majirani wanawake walikuwa wananiuliza kama una ndugu ambaye hajaoa.

Halafu ikafika siku uliyorudi huna hata hamu ya chakula, unazunguka tu uani.

“Mama Neema,” ukasema, “leo ule mukubwa alinipa mugongo.”

Nikakupa pole, maana mtu akikupa mgongo amekudharau. Ukanieleza kwamba yule dume mkubwa, baba wa familia nzima, alikaa karibu nawe akaendelea kula, amekugeuzia mgongo, kwa sababu hakuogopi tena. Sijawahi kukuona na furaha ya namna ile, na arusi yetu naihesabu humo.

Kisha vita vikakaribia. Mkaondolewa msituni walinzi wote, ukaja kukaa nami hapa barabarani, malori yanapita mlangoni kutwa, na wewe huna cha kufuata. Niliogopa utaingia kwenye pombe kama wengine. Badala yake ukageukia viazi. Ulimsumbua mama yako mpaka akatuma gunia la mbegu kutoka Muheto, ukalima nyuma ya duka. Nani amewahi kupanda viazi vya Masisi kwenye joto hili la Mubi? Majani yakapanda mpaka kiunoni. Ukawaita majirani waje kuona mavuno, ukachimba mbele yao, ukatoa vitu vidogo kama gololi. Walicheka hadi wakakaa chini. Wewe ulivikusanya vyote, ukavichemsha, ukala bila kuacha hata kimoja, ukasema vina utamu wa kwenu. Wiki iliyofuata ukapanda tena.

Ukaja kwenye mashini yangu ya kushona. Ulianza na mkoba wako uliochanika, ukaenda kwenye mapazia, ukafika kwenye yunifomu ya shule ya Neema. Mkono mmoja ulitoka mrefu kuliko mwenzake. Neema aliivaa hivyo hivyo, akawaambia wenzake ni mtindo mpya wa Goma. Lakini hukuacha. Ulifumua na kushona, ulifumua na kushona, mpaka wanawake wa Mubi wakaanza kuleta vitenge vyao na kunipita mimi mwenye mashini. Na bado jioni ukawa unakwenda kwaya. Sauti unayo, hakuna anayekataa, sauti nzito ya kutosha kutikisa ukuta mzima wa kanisa. Taabu ilikuwa macho. Mwalimu wa kwaya alikuambia kila siku uangalie watu unapoimba, na wewe ukazidi kuangalia miguu yako. Mwisho ukamwambia, “Miye ninapoheshimu, njo vile ninaangalia.” Akakuacha.

Nilikuwa nakuona unashona, unaimba, unapalilia, nikajua moyo wako uko wapi. Hatukuwa na habari yoyote ya familia ya yule dume. Watu wenye silaha walikuwa wameingia upande ule, na sokwe wako ulikuwa umewafundisha kwamba mtu akija hawana haja ya kukimbia. Hukulisema hilo hata mara moja. Nami sikulisema. Lilikuwa linakaa nasi mezani.

Mlipopewa ruhusa ya kurudi kuangalia, nilikuuliza itakuwaje ukikuta wameisha. Ulikuwa kwenye mashini, hukuinua kichwa.

“Wakue wazima, wakue walikufa, miye nijue tu. Kutojua njo kunaniua.”

Ukaenda.

Juzi yule anayepokea habari za redio yenu ya walinzi alikuja dukani na ujumbe wako. Aliurudia kama ulivyomtumia: “Mwambieni Mama Neema, wako wazima. Wamenikimbia. Niko na furaha sana.” Mama mmoja aliyekuja kununua sabuni akatikisa kichwa, akasema maskini, miaka yote ile imekwenda bure. Nami nilikuwa karibu kumkubalia. Nilikuwa napima sukari. Nikaiacha kwenye mizani, nikaingia ndani nikalia, maana nilikuwa nimeelewa. Wangekuwa bado wanakugeuzia mgongo wewe, wangemgeuzia na yule mwenye bunduki. Wamepona kwa sababu wamesahau ulichowafundisha.

Dereva aliyerudi kutoka huko uliko akanimalizia habari. Alisema yule dume aliposikia ngurumo yako alipiga kelele msitu mzima ukanyamaza, majike wakabeba watoto, na watoto wengine ni wapya, wakateremka wote bondeni. Wenzako wakataka kufuata, waanze tena kama zamani. Ukawazuia. Ukakaa kwenye matope, unacheka na machozi yanatoka, ukasema, “Muwaache. Sasa hakuna muntu atawafikia. Hata miye.”

Papa Neema, nimelifikiria neno hilo tangu juzi. Wapo watu wanaolilia kazi ya maisha yao ikiharibika, na ni haki yao. Wewe yako imeharibika mbele ya macho yako na umeifurahia, kwa sababu hukuwa unaipenda kazi, ulikuwa unawapenda wao. Mimi ni mwanamke wa biashara, najua thamani ya vitu vingi. Ya kwako nilikuwa sijaijua yote, na nimelala nawe kitanda kimoja.

Neema anasoma vizuri. Anakusalimu, na anasema atakuwa mlinzi wa hifadhi. Wanakwaya wanakuulizia, wanasema upande wa sauti ya chini umebaki na pengo.

Najua hutaacha. Utakuwa unazunguka huko unatoa mitego, unalinda mipaka, unasikia matawi yakivunjika mbali na kugeuka ili usiwatishe. Sawa. Walinde. Wakimbie kila wakikusikia, wasikuone tena maisha yao yote.

Lakini mimi nataka kukuona. Wakikupa ruhusa, njoo.

Mke wako,
Mama Neema
Mubi