Rangi Chini ya Vanishi

Alhamisi

"Mistari ya uwanja ni rangi tu, mwalimu. Piga juu ya vanishi, Jumamosi wasichana wa Kawangware waje tucheze mpira wa kikapu." Ndivyo mwenyekiti wa ukumbi alivyoniambia leo. Rangi tu! Rangi ya juu huchubuliwa na viatu kabla ya muhula kuisha, halafu tuambiwe watu wa Kibera hatujui kutunza vitu.

Mimi na fundi Achieng tulikataa. Tulibandika tepu kwenye mbao za sakafu, tukaziba kingo zake kwa vanishi nyepesi ili rangi isipenye, ndipo tukapaka nyeupe. Tepu tuliibandua rangi ikiwa bado mbichi. Mstari ulitoka umenyooka, mpaka nikaupigia makofi. Mimi!

"Chair, umewahi kuona mstari kama huu?" Achieng akamwuliza mwenyekiti alipopita kukagua.

"Huko town."

"Basi town imehamia hapa kwetu Kianda."

Nimejivuna jioni nzima. Hofu yangu ni moja: kesho tunafunika kila kitu kwa vanishi, na ikikanyagwa kabla ya kukauka, kazi yote...

Nyinyi wanakamati wa ukumbi mnaoniita mkaidi, ahirisheni hiyo mechi ya Jumamosi, na mlango usifunguliwe hadi Achieng aseme vanishi imekauka.