Msumari wa Tano

Garissa,
Jumapili, baada ya alasiri

Hooyo, mama yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Naomba karatasi hii ikukute na afya, goti limeacha kukusumbua, na yule mbuzi wa pembe iliyovunjika amezaa salama. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Ugbad ameota meno mawili ya chini na anauma kila kitu, hata kidole cha baba yake, Kadar. Naye anakusalimu sana. Alirudi juzi na lori kutoka Liboi na bado amelala kama gunia. Mimi nimechoka, lakini uchovu wa mama mwenye mtoto mchanga unaujua, sina haja ya kukueleza.

Utauliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Hooyo, simu yako huwa kwenye spika, na nikikohoa tu nusu ya Balambala inaniombea dua. Haya ya leo ni yako wewe. Nimeyaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika shuleni. Kisomali changu kiko mdomoni, hakijafika kwenye kalamu. Ruweyda atakugeuzia. Na wewe Ruweyda, mdogo wangu, msomee Hooyo polepole mkiwa wawili tu, na usiruke mahali, hata pale utakapoona nimejiaibisha.

Hooyo, nilipokuambia naingia chuo kusomea upigaji picha ulisema kamera itanifundisha kukosa haya. Sikukujibu siku ile. Nilifikiri nitakujibu kwa cheti.

Mwaka huu wote nilikuwa napiga picha za nje: ngamia sokoni, mto ukiwa umejaa, watoto wakitoka duksi na mbao zao za Qurani. Hizo hazikunishinda. Jua la Garissa halikuulizi kitu, linakumwagia mwanga mpaka mwingine unatamani kuurudisha. Muhula huu ndio tukaingizwa studio kwa mara ya kwanza. Usifikirie mahali pa fahari. Ni chumba kilichokuwa stoo, madirisha yamezibwa kwa blanketi, taa mbili kubwa, mwavuli mweupe wa kupunguza ukali wa mwanga, na kitambaa cheusi kimetundikwa nyuma ya kiti. Joto lake unaweza kuoka mkate. Mwalimu wetu, Sharamo, alitueleza mtihani: kila mwanafunzi atatundika ukumbini picha kubwa tano za watu, kila moja na msumari wake, na mtahini atakuja kutoka Nairobi kuzitazama. Ya tano lazima iwe ya mzee, kwa sababu, alisema, uso wa mzee hauokolewi na poda.

Siku ya kwanza niliwaita majirani watatu. Walikuja wamependeza, abaya nyeusi tupu, nami kwa akili zangu nikawakalisha mbele ya kile kitambaa cheusi. Picha ilipotokea, nyuso tatu zilikuwa zinaning'inia gizani kama sahani ukutani, hazina shingo wala mabega, na taa zimezing'arisha kama zimepakwa samli. Darasa zima lilicheka. Gelle, kijana anayekaa karibu nami, aliniuliza sehemu zilizobaki nimezizika wapi na kama nimewasomea dua. Nilicheka nao, Hooyo, lakini nilipofika nyumbani nililia huku nanyonyesha, mpaka Ugbad akaacha titi akanitazama.

Nilipokuwa nalia hivyo nilikukumbuka wewe ndani ya aqal, ile nyumba yetu ya mikeka. Ulipotaka kutunga uzi kwenye sindano hukuwa unatoka nje. Uliinua mkeka wa upande mmoja tu, kiasi cha kiganja, mwanga ukaingia ukakaa pale ulipoutaka. Basi siku ya pili nilizima taa moja. Nyingine nikaisogeza ubavuni, chini kidogo, nikaifunika kwa mwavuli. Kitambaa cheusi nikakitoa, nikatundika ile garbasaar yako, shali ya rangi ya maziwa uliyonipa nimbebee Ugbad. Mwalimu Sharamo alikuja kusimama nyuma yangu, akauliza nimejifunza wapi hilo. Nikamwambia nyumbani kwetu. Kwa njia hiyo nikapata picha nne nzuri, ya kwanza ikiwa ya Kadar, ambaye alikaa mbele ya kamera kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Ikabaki ya tano. Nilimwomba Ayeyo Sahara, mama mzee anayeuza maziwa karibu na chuo. Si wa ukoo wetu, lakini kila mtu humwita ayeyo, bibi. Alhamisi alikuja baada ya kumaliza maziwa yake, akakaa, garbasaar imembana mpaka kidevuni, uso umekauka kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Nilipiga kama ishirini, zote mtu amekufa macho. Nilipomwonyesha kwenye kamera aliuliza huyu mgomvi ni nani na anamdai nini.

Halafu akaniambia nifunge mlango. Akauliza kama kuna mwanamume anayeweza kuingia. Nikageuza ufunguo. Akasema jicho lake la kushoto limeshaingia ukungu na la kulia liko njiani, na kabla hayajafunga yote angependa kujiona mara moja alivyo. Mtu wa mwisho kuona nywele zake, alisema, ni marehemu mume wake, na yule hakuwa mtu wa kusifu. Lakini kwanza niape kwamba picha hiyo itaonwa na yeye na mimi, basi. Nikasema wallahi, Ugbad akiwa mgongoni mwangu.

Akaivua garbasaar. Hooyo, mashungi mawili mpaka kiunoni, meupe karibu na kichwa, mekundu ya hina huko chini. Na uso ukafunguka, sijui nikueleze vipi. Akawa msichana aliyemcheka mtu. Nilibonyeza mara moja tu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikae na kalamu.

Jumatatu ilikuwa siku ya mtihani. Ile picha nilikuwa nimeitoa mimi mwenyewe kwenye karatasi kubwa, nimpelekee Ayeyo. Nilifika ukumbini mapema na picha zangu. Nilitundika nne. Nikazitazama zile nyingine za Ayeyo akiwa amejifunika, nikaona nikitundika moja ya hizo nitaanguka. Nikajiambia mzee huyu hajawahi kuvuka geti la chuo na hatavuka. Nikajiambia mtahini ni mgeni, atatazama na kuondoka na gari la jioni, na picha nitaishusha. Nikajiambia ni saa moja tu. Nikaitundika kwenye msumari wa tano. Hakuna aliyenishika mkono, Hooyo. Niliitundika, nikarudi nyuma, nikainyoosha kwa kuwa ilikuwa imekaa upande.

Wanafunzi wakaanza kuingia. Gelle alifika mbele ya ukuta wangu akasimama. Akasema kwa sauti, bila ubaya wowote, huyu si Ayeyo Sahara wa maziwa? Kumbe ana nywele ndefu hivi! Halafu akaelewa alichokuwa anakitazama, akainamisha macho, akaondoka. Wenzake wawili walikuwa wameshageuka kutazama.

Niliishusha nikaikunja ndani ya abaya yangu, lakini tayari ilikuwa imeshaonwa. Ulisema kamera itanifundisha kukosa haya. Haikunifundisha kamera, Hooyo, nilifanya mwenyewe. Lakini ulichokiogopa nilikifanya.

Mtahini alipofika kwangu alisifu zile nne, akauliza msumari wa tano mbona uko wazi. Nikamjibu kwamba picha ipo ila si ya macho yake. Alinitazama, akaandika kitu. Mwalimu Sharamo akamvuta pembeni wakazungumza. Uamuzi ni kwamba mtahini atarudi tarehe ishirini kwa darasa lingine, na siku hiyo msumari ukiwa bado wazi, nitarudia mwaka mzima. Kadar alikubali nisome mwaka mmoja tu. Na mimi mwenyewe mwili wangu hauna mwaka mwingine wa kubeba kamera mbele na mtoto nyuma.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa Ayeyo Sahara. Nilimweleza yote, hata sehemu ya kuinyoosha. Kwanza alimaliza kumpimia mteja. Kisha akauliza nani aliona. Nikawataja. Akasema huyo Gelle tangu kesho atakunywa maziwa ya chini ya mtungi, yaliyobaki na moshi wa kufukizia mtungi. Nikataka kucheka, akanikatiza. Akasema nywele ni nywele tu, zitaingia kaburini. Kilichomuuma ni kwamba nilisema wallahi na mtoto mgongoni. Alichukua picha yake akaifunga ndani ya nguo bila kuitazama mbele yangu. Siku ya pili aliniuzia maziwa lakini hakumuulizia Ugbad. Siku ya tatu hakumuulizia. Siku ya nne alimshika mguu, akaniuliza mimi, bila kunitazama, kwa nini nilikwenda kumsumbua yeye, mwanamke wa watu, kwani mimi sina mama?

Nililipia maziwa nikaondoka. Jibu la kweli ni kwamba niliogopa ungekataa.

Hooyo, uso wa Aabo, baba yangu, siukumbuki. Picha yake ilikuwa moja, ya kitambulisho, na kitambulisho kilirudishwa serikalini ndipo cheti cha kifo kitoke. Uliwahi kuniambia karani alikuomba mara mbili kabla hujakiachia. Hukuniambia zaidi ya hapo na mimi sikuuliza. Lakini nimekiwaza kidole chako kikiwa bado juu ya kile kitambulisho mwaka huu wote, kila nikishika kamera.

Kwa hiyo nakuomba uje kabla ya tarehe ishirini nikupige picha. Sikuombi nywele. Jifunike unavyotaka, yabaki macho tu, nitayapokea. Na sitakuficha ni nani watakaokuona: Mwalimu Sharamo, mtahini, na wanafunzi kumi na mmoja, mmoja wao akiwa Gelle, ambaye sasa anaingia kila mahali akitazama sakafu. Baada yao picha itakuwa yako, uichome ukipenda. Ukisema hapana ni hapana. Sitakubembeleza kwa simu, sitamtuma Kadar, na sitakupiga picha kwa siri ukiwa unakamua. Nitarudia mwaka, au nitaacha. Lakini nataka nikuulize mwenyewe, kwa sababu huko nyuma sikukuuliza.

Ndani ya bahasha nimetia picha moja. Ni kiti cha studio, hakina mtu. Garbasaar yako iko nyuma yake, na taa nimeiweka upande wa kulia, kwa sababu wewe huinua mkeka wa kulia. Kimo nimekipima kwa kukukumbuka tu. Kama nimekosea, nitakirekebisha ukishakaa.

Wasalimie wote wa nyumbani, na majirani wanaosikiliza simu yetu, waambie safari hii hakukuwa na habari. Ugbad ameamka na amevuta karatasi. Hiyo alama ya mate hapo juu ni salamu zake. Allah akuhifadhi na atukutanishe kwa heri.

Mwanao akupendaye,
Nasteha

Ruweyda, ukimaliza kusoma usimwambie ajibu nini. Mpe ile picha ya kiti mkononi, halafu utoke nje kidogo.